Nyimbo za jukwaani na za sinema kwenye bendi ya matarumbeta: anzia kwenye midomo ya wapulizaji

Swali: Shikamoo mwalimu. Naongoza bendi ya matarumbeta ya kujitolea yenye watu 22, wanafunzi mpaka wastaafu. Mwaka jana tulifanya onyesho la nyimbo za filamu na za tamthilia za muziki. Nusu ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili ikatuharibikia: korneti (zile tarumbeta fupi za sauti ya juu) zilichoka, wimbo wa kufungia haukusikika, na wasikilizaji kadhaa waliniambia hawakuzitambua nyimbo wanazozijua tangu utotoni. Tunataka kurudia. Nichague nyimbo gani, nizipange vipi, tuonyeshe vipande vya filamu ukutani au tusionyeshe, na kuna ruhusa ya kuomba?

Jibu: Marahaba. Kwa jinsi ulivyoeleza, onyesho lenu liliharibika mapema sana, pale ulipokaa kupanga programu, na ndiyo maana kuongeza siku za mazoezi peke yake hakutalitibu. Muziki wa jukwaani na wa sinema uliandikwa ukitegemea vitu vitatu ambavyo bendi yako haina: maneno ya mwimbaji, picha, na violini zinazoweza kupigwa muda mrefu bila mtu kuvuta pumzi. Vyote vitatu mnavifidia kwa kitu kimoja, nacho ni pumzi inayopita kwenye midomo. Basi kila uamuzi wako uanzie hapo, hata kabla ya kuuliza watu wanapenda filamu gani.

Usione kama unajaribu jambo geni. Mashindano makubwa ya bendi za matarumbeta yalianza Belle Vue, Manchester, mwaka 1853, na katika karne ile bendi za wafanyakazi wa viwanda na migodi ya Uingereza zilipiga sana vipande vilivyokusanywa kutoka opera. Watu wengi ambao hawakuwahi kukanyaga jumba la opera walizijua nyimbo zake kupitia korneti na yufoniamu, ala ya shaba yenye sauti nene. Bendi yako inaendeleza kazi hiyohiyo kwa nyimbo za zama hizi.

Nianze na korneti zilizochoka. Katika okestra kubwa mpiga tarumbeta hukaa akihesabu vipimo (vile visehemu vya mapigo ambavyo muziki umegawanywa) kwa muda mrefu, anaingia, anang'ara, kisha anapumzika tena. Katika bendi ya matarumbeta korneti za mbele ndizo zinazobeba kazi ya violini, kwa hiyo hupiga karibu mfululizo. Bendi kamili ya Kiingereza ina wapulizaji 25: korneti ya soprano 1, korneti nyingine 9, flugohoni 1, honi za teno 3, baritoni 2, yufoniamu 2, tromboni 3 na tuba 4, ukiacha wapiga ngoma. Nyinyi mko 22, na wapiga ngoma nadhani wamo humo, maana yake kila aliyepo anabeba na mzigo wa asiyekuwepo. Msuli wa mdomo ukichoka, mpulizaji hukandamiza ala zaidi ili noti ya juu ipande. Kukandamiza kunabana damu isizunguke midomoni, na mdomo unachoka maradufu. Kufikia hapo hakuna maneno ya kutia moyo yatakayomsaidia. Anahitaji kuishusha ala na kupumzika.

Kwa hiyo kabla hujakubali mpangilio wowote, yaani wimbo ulioandikwa upya kwa ala za bendi, shika penseli na upitie karatasi ya korneti ya kwanza peke yake. Hesabu vipimo vinavyofuatana bila hata kimoja cha kupumzika, na uangalie ni mara ngapi sauti inapanda juu ya mistari mitano ikakaa hukohuko. Mimi nikiona kurasa mbili nzima hazina kituo, mpangilio huo nauacha hata kama wimbo ni mtamu. Mpangaji mzuri huwapa yufoniamu ubeti wa kwanza, akapeleka kiitikio kwa tromboni, akairudisha korneti mwishoni ikiwa imepumzika. Faida yake ni mbili: midomo inapona, na msikilizaji anasikia rangi inabadilika. Ya pili ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu wimbo wa jukwaani wenye beti tatu hubadilisha maneno na kuacha tuni ileile. Mwimbaji anasimulia habari mpya kila ubeti. Bendi ikirudia noti zilezile kwa ala zilezile mara tatu, haina habari mpya ya kutoa.

Utaratibu wa programu unafuata mantiki hiyohiyo. Wengi huweka nyimbo kwa kupanda, kutoka nyepesi hadi kubwa, wakimalizia na ile yenye noti za juu kuliko zote. Kwa waimbaji hilo linaweza kufaa. Kwa midomo ya shaba ni hatari, na bila shaka ndilo lililowapata. Wimbo wenye noti za juu na nguvu nyingi uweke mapema, wa pili au wa tatu, midomo ikiwa imepata joto na bado mibichi. Mwingine wa namna hiyo uweke kabla tu ya mapumziko. Wimbo laini wa mpigaji mmoja usiufuatishe mara baada ya kishindo, kwa kuwa kupiga kwa sauti ndogo na mdomo uliochoka ni kugumu kuliko kupiga kwa nguvu. Cha kufungia kiwe kipande kinachotoa ukubwa wake kutoka chini, kwenye tuba, tromboni na ngoma, huku korneti zikipiga sehemu ya katikati ya sauti yake. Wasikilizaji watasikia ukuta wa sauti, na hakuna atakayejua kwamba korneti hazikulazimika kupanda.

Dakika 35 za muziki kwa kila nusu zinatosha kabisa kwa bendi ya kujitolea. Kati ya nyimbo, mtangazaji aseme maneno mafupi: wimbo unatoka wapi, nani anauimba katika mchezo, amefikwa na nini. Dakika moja ya maneno hayo inamrudishia msikilizaji ile picha isiyokuwepo, na inawapa wapulizaji dakika nzima ya kupumzisha midomo. Mwenye korneti ya soprano yuko peke yake kwenye nafasi yake na hana wa kumpokea, kwa hiyo kwake dakika hizo ni lazima.

Sasa suala la nyimbo kutotambulika, ambalo naona ndilo zito zaidi katika barua yako. Mtu hakariri wimbo wa jukwaani kama noti. Anaukariri kama sentensi. Mpulizaji akivuta pumzi katikati ya neno, au akitia mkazo kwenye silabi isiyostahili, tuni inakuwa sahihi kwenye karatasi na ngeni masikioni. Dawa yake ni rahisi, ingawa watu wazima huionea haya mwanzoni: waandike maneno kwa penseli chini ya noti, waweke ala magotini, waimbe. Hawahitaji sauti nzuri. Wakishaimba mara mbili watajua wenyewe koma iko wapi, na pumzi itahamia hapo. Kisha wapige, nawe usiseme kitu, sikiliza tofauti.

Chukua wimbo mashuhuri wa upinde wa mvua katika filamu The Wizard of Oz ya mwaka 1939, tuni ya Harold Arlen. Neno lake la kwanza lina silabi mbili, na kati ya hizo mbili sauti inaruka oktavu nzima, yaani kutoka noti moja hadi noti ya jina lilelile iliyo juu yake. Kwa mwimbaji ni hatua moja ya hisia. Kwa korneti, ikiwa mpangilio umeandikwa uanzie C ya chini kwenda C ya juu yake, noti zote mbili hupigwa bila kubonyeza valvu yoyote (vile vitufe vya vidole), na katikati yao ipo G, nayo haibonyezwi kitu. Vidole havina msaada wowote hapo. Mpulizaji asipokuwa ameisikia C ya juu kichwani kabla ya kuruka, midomo itamwangusha kwenye G, na watu wote watasikia. Mfanye aiimbe ile ruka kwanza, halafu aipige kwa kusukuma pumzi kwa kasi zaidi badala ya kukandamiza ala usoni. Na usimpe mtu huo wimbo kwa sababu ni mwandamizi. Mpe anayeweza kuifanya ile ruka mara kumi mfululizo mazoezini, kwa sauti ndogo. Flugohoni inaufaa mno, kwa kuwa bomba lake linapanuka polepole tangu mwanzo na sauti yake haina makali.

Kuna nyimbo za jukwaani ambazo ningeziacha hata kama zinapendwa. Ni zile ambazo mhusika anamwaga maneno mengi ya haraka juu ya noti moja au mbili, na utamu wake wote uko kwenye maneno. Ukiyaondoa, inabaki noti moja ikigongwagongwa. Hakuna mpangaji anayeweza kuziokoa.

Funguo nazo, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, zinachangia. Wapiga gitaa na violini wanaupenda ufunguo wa E. Korneti imeundwa katika B fleti, kwa hiyo wimbo ukiwekwa kwenye E mpigaji wake anasoma shapu 6 (alama za kupandisha noti nusu hatua), na mwenye honi ya teno, ambayo iko katika E fleti, anasoma shapu 7. Ushushe nusu hatua tu, hadi E fleti: korneti inabaki na fleti 1 (alama ya kushusha noti nusu hatua), na honi haina alama hata moja. Msikilizaji hatagundua nusu hatua hiyo. Mwanafunzi wa darasa la saba aliyeshika honi ataigundua mara moja. Ila ukialika mwimbaji aimbe na bendi, muulize ufunguo wake kabla hujanunua karatasi, kwa sababu yeye koo lake halihamishiki. Na akiimba, nusu ya bendi inyamaze. Mwimbaji mmoja mwenye kipaza sauti hawezi kushindana na ala za shaba ishirini.

Kwa muziki wa sinema, tafuta ule uliozaliwa ndani ya ala za shaba. Muziki wa John Williams kwa Star Wars, mwaka 1977, umejengwa juu ya tarumbeta, honi na tromboni, na kuna habari yake ambayo wapulizaji wako wanastahili kuijua. Aliyepiga tarumbeta ya kwanza katika rekodi ile ni Maurice Murphy wa London Symphony Orchestra, mtu aliyekulia katika bendi za matarumbeta na aliyewahi kukalia kiti cha korneti ya kwanza katika bendi ya Black Dyke Mills. Ile sauti ambayo dunia nzima inaijua kama sauti ya anga za mbali ilitoka kwa mtu wa bendi. Jaws, ya mwaka 1975, inawapa watu wa tuba nafasi ambayo hawaipati kila siku: noti mbili za chini zinazosogeleana, E na F, zikirudiwa mpaka ukumbi mzima unakaa vibaya kwenye viti. Tuba zako zipige kwa usawa kabisa, bila kuongeza kasi kwa kusisimka, na kasi ije pale tu unapoitaka wewe.

Upo pia ufunguzi wa Also sprach Zarathustra wa Richard Strauss, wa mwaka 1896, ambao filamu ya 2001: A Space Odyssey ya mwaka 1968 iliufanya ujulikane na kila mtu. Tarumbeta inapanda C, G, C, na mpangilio wenu ukiziandika hivyohivyo kwa korneti, ni zilezile noti tatu zisizohitaji valvu nilizozitaja juu. Ni mazoezi na ni onyesho kwa wakati mmoja, na hauzidi dakika mbili. Mimi ningefungulia nao onyesho.

Muziki wa filamu ambao ni ukungu mrefu wa violini au wa sinteza, bila tuni inayoshikika, uache. Ulifanya kazi chini ya picha. Ukumbini, bila picha, wasikilizaji wataanza kukohoa.

Mdundo pia uchunguze kabla ya kuchagua. Katika tamthilia ya muziki West Side Story ya Leonard Bernstein, ya mwaka 1957, kuna ule wimbo wa ngoma kuhusu Marekani ambao kipimo kimoja kinagawa mapigo sita mara mbili na kinachofuata kinayagawa mara tatu. Bendi nyingi huuanza na ala mkononi na kukwama hapohapo. Waambie waweke ala chini wapige makofi: sita zenye mkazo kwenye moja na nne, halafu sita zenye mkazo kwenye moja, tatu na tano. Wageukegeuke hivyo dakika tano, wakitembea kama nafasi ipo. Mapigo yakishaingia miguuni, noti zitafuata.

Kuhusu mikusanyiko, ile karatasi moja yenye nyimbo sita za mchezo mmoja zilizounganishwa: chagua mmoja tu kwa onyesho zima. Huwa mirefu, haina pa kupumzika, na ugumu wake umejificha kwenye viungio. Kila wimbo unapoingia kuna kasi mpya, ufunguo mpya na mara nyingi mapigo mapya, yote ndani ya vipimo viwili. Nyimbo zenyewe wataziweza nyumbani. Wewe tumia muda wa mazoezi kwenye viungio peke yake: vipimo vinne vya mwisho vya wimbo unaotoka na vinne vya mwanzo vya unaoingia, tena na tena, mpaka macho yao yanainuka kukutazama bila kuambiwa. Na kama kuna wimbo mmoja katikati unaowashinda, ukate. Heri kuruka kuliko kuukokota.

Wimbo wenu wa mwisho kutosikika ninauhusisha pia na ngoma na ukumbi. Korneti na tromboni hutazama mbele. Honi za teno, baritoni, yufoniamu na tuba hutazama juu, na sauti yake hufika kwa msikilizaji baada ya kugonga dari. Tuni ikiwa kwa honi ya teno huku korneti zinasindikiza kwa nguvu, tuni imekufa. Mpangilio wa viti uliozoeleka, korneti kushoto kwako, tromboni kulia, honi na yufoniamu katikati na tuba nyuma, unasaidia, lakini hautoshi kama wanaosindikiza hawajui nani ana tuni. Waulize mazoezini, simamisha muziki ghafla: "Tuni iko kwa nani sasa hivi?" Asiyejua anapiga kwa nguvu kupita kiasi. Wapiga ngoma wasikae ukutani kabisa, maana ukuta unawazidishia sauti. Na ile ngoma ndogo yenye nyuzi chini, nyuzi zake zilegezwe kila inapokuwa haipigwi. Zisipolegezwa hutetemeka zenyewe bendi inapopiga, na wimbo laini wa yufoniamu unasindikizwa na mchakacho. Nenda katikati ya ukumbi mazoezi ya mwisho, mwachie mtu mwingine aongoze vipimo vichache, usikilize kutoka kwenye kiti cha mgeni wako.

Vipande vya filamu ukutani, ushauri wangu ni msionyeshe. Picha ya filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde na haimsubiri kiongozi wa bendi. Ukitaka muziki uangukie pale upanga unapogonga, itabidi uvae kisikilizi chenye mapigo ya mashine na kuyafuata bila kuyumba, na bendi ya kujitolea inahitaji kiongozi anayewatazama watu wake. Zaidi ya hapo, kuonyesha filamu hadharani ni ruhusa nyingine kabisa, tofauti na ya muziki.

Na ruhusa ya muziki ipo, lazima uishughulikie mapema. Kupiga nyimbo mojamoja mbele ya watu kwa kawaida kunaruhusiwa na chama cha kukusanya mirabaha cha nchi mnayopigia, na wakati mwingine ukumbi wenyewe tayari umelipia. Uliza, na upate jibu kwa maandishi. Mkianza kuvaa mavazi ya wahusika, kusema maongezi ya mchezo na kuigiza kisa chake, hapo mmeingia kwenye haki za mchezo mzima, na hizo huombwa kwa mwenye mchezo au wakala wake. Kuandika mpangilio wenu wenyewe wa wimbo unaolindwa kunahitaji idhini ya mwenye wimbo, hata kama hamuuzi karatasi. Kutoa nakala za karatasi mlizoazima, na kurekodi onyesho na kulipandisha mtandaoni, ni mambo mawili mengine ya kuulizia, kila moja na mwenyewe.

Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi zimo, unalinda kazi kwa uhai wa mtunzi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Strauss alifariki mwaka 1949, kwa hiyo hata penye miaka 70 ulinzi uliisha mwisho wa mwaka 2019. Jacques Offenbach, aliyeandika ile ngoma ya kankani kwa ajili ya jukwaa mwaka 1858, alifariki 1880, na Arthur Sullivan, mtunzi mwingine wa jukwaa, mwaka 1900. Nyimbo za watu hao mnaweza kuzipanga wenyewe kwa idadi na uwezo mlio nao, na kwa bendi ya watu 22 hiyo ni nafuu kubwa. Kumbuka tu kwamba mpangilio mpya wa mtu mwingine juu ya wimbo wa zamani una haki yake yenyewe.

Kuhusu wimbo wa nyongeza, ambao hukuuliza lakini wasikilizaji watauomba: usiandae mpya. Rudieni sehemu ya mwisho ya kipande ambacho tayari mmekipiga nusu ya kwanza, dakika mbili hivi, na tuni iwe kwa tromboni na yufoniamu. Mwambie korneti ya soprano asipige hadi vipimo vinane vya mwisho.